Jina la Marehemu kwenye Kichupa

Nimeambiwa nikiandika nisitaje majina ya watu. Sawa, sitayataja. Ila kazi zao nitazitaja, na mahali walipokaa nitapataja, na wao wakisoma watajijua. Yupo yule aliyejiita mtaalamu, aliyekuwa na mashine ya kuzungusha damu pale Chanika ya Handeni. Yupo mwenye hoteli wa Segera aliyetuelekeza kwake. Na yupo mwenyekiti aliyempangisha ghala la ushirika bila hata kumuuliza kazi hiyo kaisomea wapi. Hao ndio walionila mguu. Wengine mtakaowasikia humu hawana kosa, hata yule mama wa Kwedizinga, ingawa yeye ndiye aliyeuchukua.

Miaka ile nilikuwa nauza machungwa Segera, njia panda. Aliyewahi kupita pale kwenda Tanga, Arusha au Dar anatufahamu kwa sura: wale wanawake wenye mabeseni kichwani wanaokimbia ubavuni mwa basi. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mabasi ya watu binafsi yameongezeka mpaka barabara haipumziki, na kila basi lina haraka ya kulipita lingine. Halisimami. Linapunguza mwendo tu kwenye matuta, na hapo ndipo unapouza. Unakimbia, unanyoosha neti ya machungwa dirishani, abiria anayaminya, anauliza kama ni matamu, anajipapasa mfukoni, na wewe bado unakimbia. Basi likishika kasi kabla hajakupa chako, imekula kwako. Kwa hiyo pale kwetu mchuuzi hakusifiwa kwa mdomo wala kwa machungwa yake. Alisifiwa kwa miguu. Na mimi nilisifiwa. Wapiga debe walikuwa wakisema yule mama hana breki.

Shule sina. Nilitoka darasa la nne nikaenda kulinda mahindi yasiliwe na ngedere, sikurudi. Mume alikwenda Mirerani kutafuta mawe ya thamani, naye hakurudi. Nikabaki na binti mdogo na chumba cha kupanga, na vyote viwili vilisimama juu ya miguu yangu. Huo ndio mtaji niliokuwa nao. Nausema mapema ili mjue kilichokuwa kinachezewa.

Siku ulipokatika mshipa ilikuwa mchana, jua liko utosini. Nilikuwa nakimbia na basi la Arusha. Nikasikia nyuma yangu mlio kama mtu kavunja kijiti kikavu, na papo hapo mtu akanipiga teke la kisigino, kisigino cha kulia. Nikaenda chini, machungwa yakatapakaa lami nzima. Nikageuka hapo hapo nilipolala nimtukane aliyenipiga.

Hakukuwa na mtu. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, tupu mpaka kule kwenye kituo cha mafuta. Hata mbwa hakuwepo.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, tuliyekuwa tukiuza naye, alikuja mbio akaniinamia.

"Nani kakupiga?"

"Umemwona?"

"Sijamwona. Nimelisikia teke."

Baadaye niliambiwa mshipa wa kisigino ukikatika ndivyo unavyofanya, mtu huona kama kapigwa teke. Nimekubali. Lakini wifi yangu mshipa wake haukukatika, na yeye alilisikia.

Zahanati ya serikali walinibonyeza wakasema mshipa umeachana, niende Korogwe nikashonwe, la sivyo nikae miezi bila kukanyaga. Hospitali nazo wakati ule zilikuwa zimeanza kudai mchango kwa kila kitu, mpaka uzi wa kukushonea. Nikakaa. Nilikaa kwenye kizingiti cha chumba changu nikiangalia barabara, na kila basi likipunguza mwendo mwili ulikuwa unataka kunyanyuka wenyewe. Wifi alikuwa akituletea ugali jioni. Binti yangu alikuwa anakula akimwangalia yeye, haniangalii mimi.

Ndipo akaja mwenye hoteli. Hoteli yake ilikuwa ile ya chapati na supu, karibu na maegesho ya malori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bado umekaa tu kama mtungi?"

"Nifanyeje, mzee wangu."

"Yupo mtaalamu Chanika. Hana vidonge huyo. Anakutoa damu yako mwenyewe, anaizungusha kwenye mashine, anachuja yale maji yake mazuri, anakurudishia pale pale palipoumia. Mishipa inaungana. Wachezaji mpira wa Ulaya ndivyo wanavyotibiwa."

"Damu yangu anaizungusha inakwenda wapi?"

"Inazunguka tu, mama. Haiendi mahali."

Wifi alicheka. Mimi sikucheka. Sisi tuliolelewa na bibi zetu kule Kwedizinga tulilishwa hofu ya mumiani kabla ya uji: watu wa makoti wanaokamata watu na kuwakamua damu, wakaenda kuifanyia wanachojua wao. Na tuliambiwa jambo lingine, ambalo nimelikuta hata kwa watu waliosoma. Damu yako ikidondoka chini peke yake si neno. Lakini mtu akiwa na damu yako pamoja na jina lako, amekushika wewe mzima. Ndiyo maana wazee wetu hospitalini walikuwa wakitaja jina la marehemu. Marehemu harogeki. Na marehemu aliye bora ni mkunga aliyekuzalisha, kwa kuwa mikono yake ndiyo ya kwanza kukushika duniani, basi anajua kukushikilia. Kila mtu alifanya hivyo. Hakuna aliyeliona kuwa uongo.

Nilikwenda. Kaka yangu alinipeleka kwa baiskeli mpaka kwenye gari, na kutoka kwenye gari nilijikongoja kwa fimbo.

Ghala lile la Chanika nililijua tangu utoto. Zamani ushirika ulikuwa ukinunua mahindi yetu na kuyajaza humo mpaka darini. Wanunuzi binafsi walipokuja na malori yao ghala likabaki tupu, na mwenyekiti akapata ujanja wa kulipangisha. Walikuwa wamelipaka chokaa upya. Lakini harufu ya mahindi ilikuwa pale pale, na fukusi walikuwa bado wanadondoka kutoka juu, mmoja mmoja, wakitua kwenye shuka jeupe la kitanda. Mahindi yalikuwa yameondoka miaka mingi. Sijui walikuwa wakila nini.

Mapokezi alikaa msichana wa Kisambaa. Aliniuliza jina, nikamtajia la mkunga wangu. Akaliandika kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye kichupa cha kioo. Kisha akanitazama kwa jicho la utani.

"Nyie Wazigua mna jina moja nchi nzima?"

"Kwa nini, mtani?"

"Basi tu. Kakae kwenye benchi."

Kwenye benchi alikuwepo mwanamke amenyoosha mguu mbele yake kama mwiko. Alikuwa amenizidi umri kidogo. Kucha zake zilikuwa na udongo wa kijivu usiotoka kwa maji.

"Wa wapi wewe?" akaniuliza.

"Segera."

"Segera hakuna mwenyeji. Wa wapi?"

"Kwedizinga. Nilitoka mdogo."

"Ala, kumbe wa nyumbani. Mimi niko huko huko, mfinyanzi. Hili goti nimelifinyangia vyungu tangu sijaolewa. Sasa nikipiga magoti mimi nanyanyuka, lenyewe linabaki chini. Wewe una nini?"

"Kisigino. Nakimbiza mabasi."

"Ukiyakamata unayafanyia nini?"

Tukacheka mpaka msichana wa mapokezi akatugeukia. Halafu yule mfinyanzi akaniinamia sikioni.

"Jina umewapa?"

"Nimewapa la aliyenizalisha."

"Umefanya vizuri. Na mimi vivyo hivyo."

Hatukuulizana zaidi. Jina la namna hiyo halirudiwi ovyo. Ningekaa kidogo nikafikiri ningejua, kwa sababu Kwedizinga ya wakati tuliozaliwa sisi ilikuwa na mkunga mmoja tu.

Mtaalamu alituita pamoja. Alikuwa mtu mzuri wa kuangalia, kanyoa vizuri, koti jeupe linanukia sabuni. Alisema mashine yake inataka vichupa viwili, huku na huku, ikipakiwa upande mmoja inarukaruka kama punda aliyebebeshwa kushoto peke yake. Akatutoa damu, mimi kisha mwenzangu, akaviweka vichupa vikitazamana, akafunika mfuniko. Nje jenereta likaongezwa moto. Mashine ilianza kwa mluzi mwembamba. Ule mluzi ukapanda, ukapanda, mpaka masikio yakaacha kuusikia na meno ndiyo yakawa yanausikia. Mfinyanzi alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha baridi kama chungu kilichokaa kivulini.

Mashine iliponyamaza alifungua, akavitoa vichupa, akavinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Damu ilikuwa imejigawa. Chini imekuwa nyeusi nzito, juu maji ya manjano kama samli iliyoyeyuka, na katikati utando mweupe mwembamba. Akatuonyesha ule utando na maji yaliyokuwa karibu yake, akasema humo ndimo zilimo chembe zinazounga mwili. Kisha akatazama plasta. Akatazama ya pili. Akacheka.

"Majina mmepeana?"

Akakisogeza kimoja mbele yetu.

"Hiki cha nani?" Akalisoma jina kwa sauti, lote, pamoja na la baba. Mle ghalani jina likagonga bati likarudi.

Na mtu akaitika. "Abee."

Iliitika sauti ya mwanamke, kwa upole, kama mtu anayeitwa akiwa jikoni. Mimi nilijua ni mfinyanzi kaitika. Yeye, kumbe, alijua ni mimi. Mtaalamu hakujua kitu, alikuwa amekwisha kugeuka anatafuta bomba la sindano.

"Haya," alisema, "cha huyu aliyeitika kwa huyu, na hiki kingine kwa huyu. Damu ni damu, mama zangu, zote zimetoka Handeni."

Nataka hapa mnielewe. Sisi tungesema nini? Kusema "hilo si jina langu" ni kumpa jina langu, na damu yangu anayo mkononi. Lakini yeye hakuwa na hofu hiyo. Yeye alikuwa na vichupa viwili vyenye jina moja na watu wawili mbele yake, na kazi yake ilikuwa kusimama, kumwaga, kuanza upya. Hakusimama. Na lile bomba alilichovya kwenye maji ya birika, birika lile lile ambalo tulipoingia alikuwa akijimiminia maji ya chai. Niliona kwa macho yangu. Kisha akanichoma kisiginoni, na maumivu yake sitayaeleza.

Mlangoni mfinyanzi alikuwa akichechemea anacheka.

"Unajua kama katuchanganyia, basi tumechanjiana?"

Zamani watu wakitaka kuwa ndugu walichinja kondoo, wakakatana chale, wakapakana damu. Huo ndio undugu wa kuchanjiana, na haukuvunjika, hata mzigo wa msiba mlibebeana.

"Hata kondoo hujachinja," nikamwambia. "Undugu gani wa bure?"

"Wa kwenye kichupa. Ukifa nitakuja kukuosha."

"Ukitangulia wewe nitakuosha mimi."

"Haya. Usichelewe kwa kukimbiza mabasi."

Tukaachana. Sikumwona tena.

Kisigino kilianza kupona. Siwezi kusema uongo, kilianza. Uvimbe ulitoka, nikaanza kukanyaga. Ila asubuhi nikiamka nilikikuta cheupe. Si weupe wa kupauka, maana nilikipaka mafuta. Kilikuwa na vumbi la kijivu, laini, limekauka likapasuka kidogo kama udongo wa mfinyanzi unaosubiri kuchomwa. Ardhi ya Segera ni nyekundu. Hakuna udongo wa rangi ile.

"Umekanyaga nini?" wifi aliniuliza.

"Sijashuka kitandani."

Alikisugua kwa gunzi na maji mpaka kikatakata. Kesho yake akaja mapema, kabla sijatoka nje, akafunua shuka mwenyewe. Alikitazama, akalishusha shuka taratibu, akaenda zake. Tangu hapo hakukigusa.

Siku nilipokimbia tena, wapiga debe walishangilia. Nilikimbia na basi la Tanga, nikauza, nikarudi nimeshika beseni tupu, na binti yangu akanitazama usoni. Hiyo furaha mwenye hoteli aliitumia. Alikuwa akinionyesha kwa watu kama kuku wa mnadani. "Mwoneni huyu. Damu yake mwenyewe." Wangapi walikwenda Chanika kwa kunitazama mimi, sijui, wala sitaki kujua.

Halafu kisigino kikapata moto. Kilianza kwa joto, kikawa chekundu, kikawa cheusi, na usaha ukapanda kwenye muundi. Nilipelekwa Chanika kwanza. Ghala lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Mwenyekiti alikuwa amekaa pembeni anacheza bao.

"Shikamoo mwenyekiti. Mtaalamu yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Atarudi lini?"

"Mimi nampangisha nyumba, simpangishi safari," akasema, akatupa kete yake.

Ndipo nikapelekwa Korogwe. Wodi ile ilikuwa na dirisha linaloangalia mashamba ya mkonge, mistari na mistari, iliyonyooka mpaka ukiitazama sana unaona kama inakusogelea. Daktari alikuwa kijana, mpole. Alifunua, akanusa, akafunika.

"Mama, huu tuukate. Chini ya goti. Ukichelewa utakwenda mzima."

"Ukiukata nitauza nini?"

"Utauza ukiwa umekaa."

"Segera hauzi mtu aliyekaa."

Akaja tena, nikakataa tena. Akaja na nesi mkubwa, nikakataa. Homa ilikuwa imenikamata, maneno yao nayasikia kama yanatoka ndani ya ule mluzi wa mashine. Lakini kukataa nilikataa kwa akili yangu. Nilikuwa nimemuuliza mfagiaji mguu ukikatwa unapelekwa wapi, akanionyesha bomba la moshi la tanuri nyuma ya jengo, wanakochomea pamba chafu na bandeji. Mguu uliokimbia vile. Nikasema hapana, tutakwenda wote.

Saa ya kuona wagonjwa, mchana, akaingia mwanamke mzee amebeba mzigo uliofungwa kwa kanga. Alipita vitanda vyote bila kuuliza, akasimama kwenye changu. Hakuja kichwani kwangu. Alikaa upande wa miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akaweka mkono juu ya bandeji, juu juu, kama unavyomwekea mtoto aliyelala. Kucha zake zilikuwa za kijivu. "Nimekuja kumwona binti yangu."

"Mama, umekosea kitanda. Hapa niko mimi tu."

"Sijakosea. Yumo kidogo."

Nikajua ni nani. Nikajua na alichokuja kuniambia, lakini nilimwacha aseme. Alisema goti la mfinyanzi lilivimba siku ile ile kilipovimba kisigino changu. Siku hiyo alitajiwa na wifi, alipopita Segera kunitafuta. Kule Kwedizinga hawakupata gari la kumwahisha hospitali. Walikuwa wamemzika Ijumaa.

"Alisema wewe ndiye utamwosha."

"Nilikuwa hapa, mama."

"Najua. Sikuja kukulaumu." Akashika ncha ya bandeji. "Wewe unakimbiza mabasi?"

"Ndiyo mama."

"Basi nimeelewa. Maana yeye tangu ile sindano, mimi nikiwa nasuka ukili uani, yeye anafinyanga, mara namwona anainua kichwa. Kwetu pale basi halisikiki, barabara iko mbali. Yeye anasikia. Anasimama, na goti lile lile, anajitwika karai tupu, anakimbia mpaka kwenye mkorosho wa mwisho. Anarudi anahema. Namuuliza, unakwenda wapi wewe? Ananiambia, mama, lilikuwa limepunguza mwendo."

Sikumwambia habari ya udongo. Sikuhitaji, alikuwa amefungua bandeji upande wa chini na anautazama.

"Alisema kule ghalani ni wewe uliyeitika," akasema.

"Mimi sikuitika, mama. Nilijua kaitika yeye."

Mkono wake ulisimama. Nje walikuwa wanapita na toroli la chakula, magurudumu yanalia. Alisubiri lipite.

"Basi aliitika mwenye jina, mkunga mwenyewe," akasema. "Alikuwa hivyo hata akiwa hai. Ukimwita tu, anakuja."

Kisha akauliza wakikata wanapeleka wapi. Nikamwonyesha lile bomba la moshi dirishani.

"Usiwaachie. Nipe mimi."

"Mama, hata hatujui. Huenda mtaalamu alinirudishia yangu. Huenda humu hamna mtu."

"Huenda. Na huenda lile goti nililolizika lilikuwa na damu yako, na wewe umeshatangulia nusu. Atakayetuambia nani? Mimi nimezika, nikirudi nyumbani nasikia bado sijamaliza. Nipe nimalize."

Nililia, na si kwa ajili ya mfinyanzi. Nililia kwa hasira, kwamba mtu wa kunihurumia mguu alitoka Kwedizinga kwa miguu, na wale walioula walikuwa wanacheza bao. Nikamwambia nesi amwite daktari. Nikasema kateni, ila apewe huyu.

"Apewe nini?" nesi mkubwa akauliza. "Hii si nyama ya kufungiwa kwenye gazeti."

"Nimekuja na chombo," alisema yule mama.

Akafungua kanga. Kilikuwa chungu kikubwa, chekundu, kipya, mdomo mpana, kimepigwa nakshi za kucha pembeni. Alisema ndicho cha mwisho alichokifinyanga binti yake, na alishangaa kwa nini kakifanya kirefu vile, maana hakifai kupikia wala maji. Nesi alirudi nyuma hatua. Daktari alikitazama, akamtazama mama, akasema yeye hajasikia kitu, akatoka. Nesi akaelewa.

Kabla hawajanichukua, yule mama aliomba maji ya vuguvugu. Akauosha. Aliuosha mguu wangu ungali mwilini mwangu, kwa utaratibu, kama tunavyowaosha wetu, akimimina kidogo kidogo na kunong'ona maneno yale yanayosemwa. Mimi niko hai namwangalia. Vidole vyangu vilikuwa bado vinachezacheza. Alipofika kisiginoni vumbi la kijivu lilitoka likayachafua maji yote, na safari hiyo halikurudi.

Nilipozinduka kitanda kilikuwa chepesi, na mama na chungu hawapo.

Nilipopata nguvu nilikwenda kushitaki. Karani wa kata aliniuliza nilitibiwa kwa jina gani. Nikamwambia.

"Huyo mama alikufa kabla ghala halijapakwa chokaa," alisema. "Mlalamikaji nimwandike nani, marehemu?"

Nikamwambia tulikuwa wawili.

"Wa pili jina nani?"

Nikamtajia lile lile. Alicheka mpaka akavua miwani. Msichana wa Kisambaa alikuwa amerudi kwao milimani. Mtaalamu nasikia yuko mji mwingine, sasa anatibu migongo, na mashine anayo. Ghalani wanahifadhi mchele wa kutoka nje. Mwenyekiti bado mwenyekiti. Mwenye hoteli ameongeza chumba, na nikipita kwake na magongo yangu huwa anaangalia supu.

Siku hizi nauza nimekaa. Wifi na wanawake wengine wanakimbia, mimi nawapangia neti, na jioni wananitolea changu. Binti yangu yuko shule, nimemkataza kusogea barabarani. Daktari aliniambia kiungo kilichokatwa huendelea kuwasha, ni mishipa haijui. Nimekubali na hilo. Lakini kuwasha kwenyewe nakujua, na hiki si kuwasha. Niko Segera kwenye jua kali, mara nasikia vidole vimelowa, baridi inapanda kisiginoni. Jioni anatokea mtu wa Kwedizinga, namuuliza, ananiambia ndiyo, huko mchana imenyesha.

Yule mama huja mavuno yakiisha. Hukaa na mimi pembeni ya barabara, hali machungwa, anatazama tu. Mara ya mwisho alisema kama mtu anayeogopa kuudhi:

"Mwanangu, usiniseme vibaya. Kile kikaburi kidogo cha mguu nimekipanga mawe mara nyingi. Nikiamka yamesogea. Yanasogea upande mmoja tu, huku kwenye barabara."

"Nifanyeje, mama?"

"Uwaambie waliomo watulie. Mimi nimezeeka, mawe mazito."

Nikataka kumjibu. Wakati huo basi la Dar likafika kwenye matuta, likapunguza mwendo, na wanawake wakanyanyuka na mabeseni. Mimi nilikuwa nimekaa, magongo yako chini, mikono iko juu ya mapaja. Nikahisi kisigino cha kulia kinainuka, kinapiga udongo laini, kinapiga tena. Yule mama alikuwa ameufumba mkono wake kwenye ukingo wa kigoda changu, ametega sikio, hatazami basi. Alikuwa anatazama upande wa Kwedizinga.

"Si unaona," akaniambia taratibu. "Hapo ndipo yanaposogea."

Basi likashika kasi, likaondoka. Kisigino hakikusimama mpaka lilipopotelea kwenye kona.